Mkono Uliokuwa Ukiona

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa injini katika gereji ya kampuni ya mabasi, na pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Sindano. Si kwamba alikuwa mwembamba. Tumbo lake lilitangulia kufika kokote alikokwenda. Ni mkono wake wa kulia ndio uliompa jina hilo. Ndani ya injini zile kulikuwa na bolti ambazo mchoraji wa injini, popote alipo, alizificha kana kwamba anaficha mali ya wizi: nyuma ya pampu, chini ya mabomba, kati ya injini na boriti ya chesisi inayobeba basi zima, mahali ambapo jicho haliingii na tochi inamulika mgongo wa kitu kingine. Mafundi wenzake wakifika hapo waliguna, wakaitukana injini na wazazi wa injini, kisha wakaita, "Sindano! Njoo ushone."

Naye alikuja bila haraka, akijifuta kiganja kwenye ovaroli. Aliingiza mkono hadi kwapani, akageuza uso pembeni akatazama dari, na mkono ukaanza kutembea kule ndani peke yake. Alikuwa akipiga soga huku mkono unafanya kazi. Ungedhani ni mtu ameegemea basi anamsubiri mwenzake.

"Usianze na spana," aliwaambia wanaojifunza. "Anza na kidole. Kidole kikishakuambia mle ndani mna nini, ndipo uchague spana."

Mimi nilikaa kwao miaka yangu ya chuo, katika chumba cha nyuma, na somo hilo nilipewa mara nyingi juu ya meza ya chai. Spana ya mdomo wazi, alisema, ni ya kuingilia ubavuni, pale ambapo huwezi kuivika bolti kwa juu. Lakini inashika pande mbili tu, na ukiilazimisha inakula kona za bolti, na bolti iliyoliwa kona ni kama mtu uliyemvunjia heshima mbele za watu: hakusikilizi tena. Kichwa cha spana hiyo kimekaa mshazari makusudi. Unageuza kidogo, unagonga ukuta, unaitoa, unaipindua kama mtu anayegeuza mto kutafuta upande wenye ubaridi, unageuza tena kidogo. Spana ya ringi inaizunguka bolti yote. Yenye kona nyingi inadaka haraka hata pale penye nafasi finyu. Yenye kona sita ni ngumu kuivika, ila ikishavikwa haitelezi. Soketi ni tamu kama bolti unaifikia kwa mbele, na kama pembe ni mbaya unaongeza kiungo kinachokunjika kama kiwiko. Na mwisho kabisa ndiyo ile spana ya kubana na kulegeza, yenye jina ambalo mafundi hawalitaji mbele ya wakwe zao.

"Hiyo," alisema, "ni ya mtu aliyekata tamaa."

Kampuni haikununua spana za mahali pabaya. Ilinunua seti za bei rahisi ambazo midomo yake ilifunguka kama kinywa cha mtu anayesinzia, ikazifungia kabatini, ikampa msimamizi ufunguo. Spana fupi, spana zilizopinda shingo, zile ambazo bila hizo nusu ya kazi haifanyiki, mjomba alizitengeneza mwenyewe. Alizikata, akazipasha moto, akazikunja, akazinoa, kwa muda wake na kwa mkaa wake. Basi lilitoka, abiria wakafika, na faida ikaenda kwa watu ambao hawajawahi kulala chini ya injini wakadondokewa na mafuta jichoni. Nikisema hivyo mezani, mjomba alicheka.

"Mpwa wangu, chai inapoa. Serikali utaiangusha ukishamaliza mkate."

Ganzi ilianza kwenye ncha za vidole viwili vya mkono ule wa kulia, kama ya mtu aliyeulalia mkono. Alikung'uta, ikatoka. Baadaye akikung'uta haikutoka. Ikapanda, ikachukua kidole gumba, kisha vyote vilivyobaki, ikatulia humo kama mpangaji aliyekwisha kuingiza kitanda. Hakumwambia mtu. Alifikiri amechoka, halafu akafikiri ni baridi, halafu akaacha kufikiri.

Mkewe ndiye aliyegundua. Asubuhi moja alimkuta amesimama mbele ya kioo akifunga vifungo vya shati, akivikodolea macho vidole vyake mle kiooni kama mtu anayechunga watoto wa wengine.

"Tangu lini unafunga vifungo kwa kioo?" akamuuliza. "Unaenda kuoa?"

"Nikioa utaalikwa."

"Nipe mkono wako."

"Nimechelewa."

"Nipe mkono wako, baba." Akaushika, akamfinya ncha ya kidole kwa kucha, akimtazama usoni. Mjomba alitabasamu, akisubiri afinywe. Mkaza mjomba akazidi kufinya, na tabasamu lile likabaki palepale. Ndipo akaketi kitandani na mkono ule mapajani mwake.

Akampeleka kwa daktari kwa nguvu. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alisema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono kwa muda mrefu. Alitaja ile mashine ya kufungulia tairi inayotetemesha mtu hadi meno, alitaja kukunja kifundo kwenye mashimo, alitaja kuosha vipuri kwa petroli kwa mikono mitupu. Operesheni ingeweza kuzuia isiendelee. Kurudisha kilichokwisha kwenda, hapana, asingeahidi. "Ungekuja mapema," alisema, kama wanavyosema wote. Akamwambia aupumzishe mkono.

"Niupumzishe kwa kufanya nini?" mjomba aliuliza. Daktari akadhani ni mzaha.

Tangu hapo katika nyumba ile kulikuwa na jambo moja tu, nalo lilikuwa gereji isijue. Mjomba alikuwa na sababu. Palikuwa na fundi wa breki, mtu wa rika lake, aliyeanza kupoteza macho akasema ukweli. Kampuni ikamshukuru, ikampa soda na maneno mazuri, ikamketisha langoni kufungua na kufunga. Kisha lango likawekewa mlinzi kutoka kampuni ya ulinzi, na fundi wa breki akaambiwa asubiri kuitwa. Mjomba alikuwa akimkuta njiani, akitembea kwa kugusa kuta, akiuliza kila anayepita kama ni mtu wa gereji. Kwa hiyo mjomba alichagua kunyamaza. Alitaka abaki kuwa fundi, basi. Hakuwa na ombi lingine duniani.

Na alijua namna ya kufanya, kwa muda. Alibadilisha spana. Mdomo wazi aliuacha, kwa sababu mdomo wazi unataka kidole kiuambie kama umekaa sawa au umekaa nusu. Akaenda kwenye ringi za kona sita, ambazo haziingii kabisa kama hujaziweka sawa. Zenyewe ndizo zinazokuhakikishia. Ndani ya soketi alipaka grisi nzito ili bolti isidondoke, maana asingejua imedondoka. Na pale pabaya zaidi alianza kutumia racheti, ile ringi yenye meno ndani, inayozunguka upande mmoja na kulia tik-tik-tik ukiirudisha upande wa pili. Kilichokuwa kazi ya kidole alikikabidhi sikio.

Fundi wa umeme, rafiki yake, aliliona hilo akalifanyia utani. Alikuwa mtu mrefu asiyeweza kukaa kimya, ambaye kazi yake kuu, mjomba alisema, ilikuwa kutafuta waya uliokatika na kusimulia habari zake.

"Sindano, siku hizi umekuwa tajiri," alisema. "Racheti kila mahali. Zamani ulikuwa unaingia kwa mdomo wazi kama mwanamume."

"Nimezeeka. Nataka raha."

"Raha! Na glovu je? Unavaa glovu kama bibi harusi."

"Mke wangu analalamika mikono yangu inamkwaruza."

Watu wakacheka, na mjomba akacheka nao. Jioni alirudi nyumbani akanisimulia mzaha ule neno kwa neno, akaongeza, "Wameamini." Nikamwona ana furaha kama mwanafunzi aliyefaulu kwa kuibia. Nilitamani kupiga meza. Mtu ameharibiwa mkono na kazi, anauficha kama mwizi, na walioharibu wamelala usingizi mnono! Lakini nilimmiminia chai tu, maana furaha ilikuwa adimu katika nyumba ile.

Sasa racheti ina hatari yake, na kila fundi anaijua. Hebu fikiria bolti ndefu ambayo kichwa chake kimeelekea boriti ya chesisi. Ukiifungua, inatoka ikirudi nyuma, na kichwa kinasogea kuelekea boriti pamoja na racheti uliyoivika. Usipoitoa mapema, nafasi inakwisha: racheti inabanwa kati ya kichwa na chuma. Kuivua huwezi, hakuna nafasi. Kuirudisha bolti ndani huwezi, kwa sababu upande huo racheti inalia tu bila kushika. Imenasa. Fundi anayejua anailegeza bolti kwa racheti, kisha anapitisha ncha ya kidole kati ya kichwa na boriti; kidole kikianza kukwama, anaitoa racheti na kumalizia kwa mdomo wazi.

Mjomba hakuwa tena na kidole cha kupitisha. Badala yake alihesabu. Aliyapima mabasi ya aina ile yote yaliyoingia, akajua kila bolti inazunguka mara ngapi kabla nafasi haijakwisha, akaacha ziada kidogo kwa usalama. Aliifanya kazi hivyo kwa miezi, na hakuna racheti iliyonasa.

Basi lililomshinda liliingia asubuhi, likivuja maji, injini bado inachemka. Lilikuwa limetoka safari na lilitakiwa kuondoka tena mchana. Abiria walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi upande wa pili wa uzio, na mizigo yao.

"Mzee," msimamizi alisema. Alikuwa kijana kuliko mjomba, mwenye simu mbili na wasiwasi wa mtu mwenye simu mbili. "Pampu ya maji. Unaiona saa?"

"Liache lipoe kwanza."

"Likipoa abiria nao wanapoa, wanadai nauli. Nisaidie, mzee."

Mjomba akavaa glovu, akaanza. Bolti za mbele zilitoka bila maneno. Ikabaki ya nyuma, ile inayotazama boriti. Akaingiza mkono, akageuza uso kama kawaida yake, akatazama dari. Glovu ikakwama kwenye kibano cha bomba, akaitoa, akaingiza mkono mtupu. Fundi wa umeme alikuwa juu ya ngazi upande wa pili, anasimulia habari za shemeji yake aliyenunua ng'ombe kwa picha. Mjomba alikuwa akiitikia. Akaivika racheti, ikakaa. Akapitisha vidole kwenye boriti, kwa mazoea tu, kama mtu anayepapasa mfuko ambao anajua hauna kitu.

Boriti ya basi lile haikuwa kama za wenzake. Liliwahi kugonga ukingo wa daraja, na mahali pale palipigwa kiraka cha chuma, kikalehemewa kwa ndani, kikapakwa rangi. Kiraka kilikuwa kinene kama mkate wa jana, na kingo zake za kulehemu zilikuwa zimesimama kama makovu. Mtoto angekigusa angeuliza ni nini. Vidole vya mjomba vilipita juu yake vyote, kwenda na kurudi, na havikumletea habari.

Akaanza kuzungusha. Bolti ikalegea, racheti ikalia vizuri. Alihesabu huku akicheka habari ya ng'ombe. Hajafika nusu ya hesabu yake, mkono wa racheti ukawa mzito. Akafikiri ni kutu. Akakaza bega, akazungusha tena, na tena, akiibana mwenyewe kwa nguvu zake zote. Kisha ikakataa kabisa.

Akajaribu kuivua. Haikuvulika. Akajaribu kuirudisha. Tik-tik-tik, bila kushika.

"Vipi?" fundi wa umeme akauliza. Sauti ile aliijua.

"Hakuna kitu."

Msimamizi alikuwa akipita. Akasimama. "Imenasa?"

"Haijanasa. Imekaa vibaya."

"Ingiza mkono uniambie kumebaki nafasi kiasi gani."

Mjomba akaingiza mkono. Walimzunguka sasa, mafundi wengine wameacha kazi, kwa kuwa kumwona Sindano amekwama lilikuwa jambo la kutazamwa. Alikaa hivyo, uso umeelekea dari, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Mkono haukutembea tena. Ulikuwa umelala tu mle ndani.

"Nafasi ipo," alisema hatimaye. "Kama ya kucha."

Hapo ndipo fundi wa umeme aliponusa. Akashuka ngazi. "Nini kinaungua? Waya?" Akazunguka, akainama, akamulika. "Sio waya. Sindano, toa mkono. Toa mkono, bwana! Uko kwenye ekzosi!"

Mjomba akageuka kumtazama, uso wake umejaa subira, kama mtu anayengoja mzaha ufike mwisho ili acheke. Hakuelewa. Fundi wa umeme ilimbidi amshike kiwiko na kuuvuta mkono ule nje, na ngozi ya vidole viwili ikabaki kwenye bomba la moshi. Mjomba akavitazama. Akavigeuza huku na huku kwenye mwanga. Hata abiria nyuma ya uzio walikuwa wamesimama.

Fundi wa umeme alianza kulia waziwazi, mtu mzima yule. "Ukanidanganya ni mke wako," alisema. "Eti glovu. Ukanidanganya na mimi nikacheka."

Msimamizi aliwatawanya watu, akamketisha mjomba juu ya tairi, akamletea maji ambayo hakuyanywa. "Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Msimamizi alifikiri. Lazima nimpe haki yake, hakudanganya. "Ningekuweka langoni," alisema.

"Haya."

Injini ilibidi ishushwe, na racheti ikakatwa kwa msumeno wa umeme. Abiria walihamishiwa basi jingine. Mjomba alifungwa bandeji, akaambiwa akapumzike mpaka atakapoitwa.

Nilimpeleka ofisi ya kazi kudai fidia. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu akimwaga ujana wake ndani ya mashine za mwingine, huyo mwingine ana deni ambalo halifutwi kwa soda. Niliyasema hayo ofisini kwa sauti, nimesimama. Bwana aliyekuwa nyuma ya meza alinisikiliza hadi mwisho, akageukia mjomba.

"Mzee, ajali ni hii ya kuungua?"

"Ganzi ilikuwepo kabla," mjomba akasema.

Nilimkanyaga mguu. Alikuwa amesema ukweli mahali ambapo ukweli ulikuwa ukingojewa kwa kisu.

"Kwa hiyo ulikwenda kazini mgonjwa, ukaficha," bwana yule alisema, tena kwa upole. "Na hiyo ganzi tutajuaje ni ya gereji? Hata mimi vidole vyangu hufa ganzi nikilala vibaya."

Mjomba akaiweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu. Sijui alitaka ionyeshe nini. Bwana yule aliitazama, kisha akatazama foleni iliyokuwa nyuma yetu. Nikaanza kupaza sauti tena, na mjomba akanivuta shati.

"Twende, mpwa wangu. Huyu naye ameajiriwa."

Hawakumwita. Fundi wa umeme alikuja jioni kadhaa, akasimulia habari za waya, akacheka peke yake, ziara zikapungua. Mjomba aliamka alfajiri kama zamani, akavaa, akaketi sebuleni. Vidonda vilipona. Ganzi ikapanda hadi kwenye kiganja. Mkaza mjomba alikuwa akimfunga vifungo, na yeye alikuwa akimwachia.

Siku moja jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mpole, alibisha hodi. Bomba la sinki lake lilikuwa linavuja kule chini, nyuma ya bakuli, karibu na ukuta. Alikuwa amezoea. Kwa miaka yote, kitu kikivuja katika jengo lile, aliitwa mjomba.

"Samahani, baba, najua unapumzika," alisema. "Ila maji yamefika chumbani."

Niliona kitu kikiwaka usoni mwa mjomba ambacho sikuwa nimekiona tangu siku ya ekzosi. Akainuka. Halafu akakumbuka, akasimama katikati ya sebule.

"Nitaingia mimi," mkewe alisema. "Wewe utaniambia. Mkono wangu si mzima?"

Tukaenda wote. Mjomba alichagua spana bila kusita: ile yenye mpini mrefu na taya inayopinduka kichwani, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupanda nyuma ya sinki pasipofika kiganja. Mkaza mjomba akajifunga kanga vizuri, akalala chali chini ya sinki, miguu nje. Mjomba akapiga magoti pembeni yake.

"Panda na bomba hadi juu. Umekutana na nati?"

"Nimekutana na kitu."

"Kina kona?"

"Kina... ndiyo, kina kona. Au ni kutu."

"Igeuze taya ielekee kushoto. Sasa vuta. Imeshika?"

"Nitajuaje imeshika?"

"Utaisikia mkononi."

"Naisikia chuma, baba. Chuma ni chuma."

Mjomba akafumba macho. Akainua mkono wake wa kulia hewani, akaanza kuuzungusha polepole mbele ya kifua chake, kana kwamba mkono ule ungemkumbusha maneno. Mdomo wake ulifunguka mara kadhaa. Alikuwa na kazi nzima mle ndani, kuanzia ujana, na haikuwa na neno hata moja.

"Kaza," alisema.

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Mpaka ikatae."

"Imeshakataa."

"Hapana, hiyo siyo kukataa, hiyo ni... ongeza. Ikatae, halafu itake tena kidogo, halafu hapo uache."

"Itake vipi? Wewe mzee, sema Kiswahili!"

"Ongeza kidogo."

Akaongeza. Nati ikapasuka. Maji yakaruka yakampiga usoni, akapiga kelele, akajikokota nje, kanga imelowa chapachapa. Mimi nilikimbilia valvu ya nje nikaifunga. Niliporudi, walikuwa wameketi sakafuni ndani ya maji, yeye na mkewe, wameegemea ukuta, spana kati yao. Mkaza mjomba alikuwa akimpangusa mumewe maji usoni kwa kiganja chake.

"Nimeiharibu," alisema.

"Si wewe," mjomba alisema.

Jirani alisimama mlangoni na ndoo mkononi. Hakuwa na uchungu wowote. Aliona watu wazima wawili wamelowa kwa ajili yake, akawahurumia.

"Msijali kabisa," alisema. "Nitamwita fundi."

Mkaza mjomba alimtazama mumewe upesi.

"Mwite," mjomba alisema. Akaomba kitambaa cha kufutia sakafu. Akapewa, akapiga magoti, akaanza kuyakusanya maji kuelekea mlangoni. Alikuwa bado anafuta pale kizingitini fundi alipofika, mtu mgeni, mfuko wa spana begani, amevuka dimbwi kwa hatua moja ndefu.

"Samahani, mzee," alisema. "Naomba nipite."

Mjomba akasogea.